Nimefaulu Kiayalandi ukubwani: kwa wenzangu mnaotaka kukirudia

Matokeo ya TEG, mtihani wa Kiayalandi, yametoka. Nimefaulu daraja la B1, la kati, na alama zangu za juu kabisa ni za kuongea. Tangu niweke habari hii kwenye status, wenzangu tuliokulia huku Ayalandi wananiandikia: "Dada, ulisomaje? Mimi nilikiacha shuleni."

Shuleni ndiko lilipo donda. Nililetwa Dublin nikiwa mdogo, nikasoma Kiayalandi kama watoto wengine, maana ni somo la lazima. Sekondari, mwalimu mmoja akaniambia mbele ya darasa nisijisumbue, eti lugha hii haitamfaa kitu mtu kama mimi. Darasa likacheka. Nilikariri insha zangu, nikazimwaga kwenye karatasi ya mtihani wa mwisho, basi, sikukigusa tena kwa miaka. Hata leo nikikumbuka kicheko kile kifua hunibana.

Nimerudi kwa sababu nataka kufundisha shule ya msingi, na huku mwalimu wa msingi lazima akimudu Kiayalandi. TEG ni mtihani wa watu wazima, uko chini ya Chuo Kikuu cha Maynooth tangu 2005, kuanzia A1 hadi C1. Unapimwa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, na kuongea ndiko kunakowaangusha waliozoea kukariri.

Kwa hiyo ongea. Mimi nilisema kwa sauti kila nilichokifanya jikoni. *Ghearr mé na hoinniúin*, nimekata vitunguu. *Chuaigh mé go dtí an siopa*, nilikwenda dukani. Zoea pia kujibu kwa kitenzi, kwa sababu lugha hii haina "ndiyo" wala "hapana". Ukiulizwa *An dtuigeann tú?*, unajibu *Tuigim*, naelewa, au *Ní thuigim*.

Msiogope maneno kubadilika mwanzoni. Galway ni *Gaillimh*, lakini ukiishi huko unasema *i nGaillimh*. Cork ni *Corcaigh*, ukiwa huko ni *i gCorcaigh*. Wenzetu wa hapa hulia na jambo hili, ila sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, kwa "mtu" na "watu", "kiti" na "viti", masikio yetu yamezoea kusikiliza kichwa cha neno.

Halafu sikilizeni redio ya Kiayalandi, Raidió na Gaeltachta, na televisheni yake, TG4, kila siku, hata kama mnaambulia neno moja moja. Mtazoea lafudhi za mikoa, maana hata "hujambo" hutofautiana: mtu wa Munster atakusalimu *Conas atá tú?*, wa Connacht *Cén chaoi a bhfuil tú?*, wa Ulster *Cad é mar atá tú?* Kwenye mtihani wa kusikiliza, usipoizoea sauti ya Donegal, kule Ulster, utapotea.

Tena ongeeni, ndugu zangu. Acheni kungoja mtu awape ruhusa. Katiba inasema Kiayalandi ni lugha ya taifa, na taifa hili ni letu pia. Tunalipa kodi hapa, tunazalia hapa. Na nyinyi wazazi, mtoto akirudi na daftari la Kiayalandi msimwambie halina faida. Kaeni naye, awasomee. Hayo maneno ya kukatisha tamaa atayasikia kwingine, yasitoke nyumbani.

Mimi sasa najiandaa na B2. Anayetaka mwenza wa kuongea naye jioni kwa simu aniandikie. Sitamsahihisha sarufi, tutapiga soga tu, kwa Kiayalandi.