Spoila ya nyuma kwenye Premio: soma hii kabla fundi hajashika drili

Mkuu, umeuliza kama ukiifunga Premio yako spoila ya nyuma, kile kibawa cha juu ya buti, itatulia barabarani ukiwa safari ya Musoma, na kama itaongeza ulaji wa mafuta. Mimi nina Altezza, spoila niliifunga Mwanza hapa hapa, mwaka wa sita huu, na njia ya Magu, Lamadi na Bunda naipita karibu kila mwezi. Kwa kifupi: spoila haitaifanya itulie zaidi, mafuta usiwaze, itapendeza. Ila ikifungwa ovyo utafuga maji kwenye buti.

Upepo unaopita juu ya paa unakimbia kuliko kawaida, mgandamizo wake unapungua, kwa hiyo gari nyuma inakuwa kama inataka kunyanyuka. Spoila inauvuruga upepo huo pale mwisho wa buti. Sasa nguvu hiyo ya upepo inakua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100 imekuwa mara nne, ukifika 200 ni mara kumi na sita. Wewe toka Igoma mpaka Magu unapita vibao vya 50 vingapi, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wamekaa chini ya mti upi? Kwa mwendo huo spoila imelala usingizi.

Sisemi ni uongo mtupu. Audi TT za mwanzo mwanzo zilikuwa zinapoteza mkia kwenye zile barabara za Ujerumani zisizo na kikomo cha mwendo, kampuni ikaziita zirudi, zikafungwa spoila pamoja na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Lakini ile ni kasi ambayo mimi na wewe tukiijaribu pale Lamadi tutaishia kwenye mbuzi wa watu.

Halafu kuna jambo mafundi hawakuambii. Premio yako inavutwa na matairi ya mbele. Ukiikandamiza nyuma kwa bawa kubwa, tena lililokaa nyuma ya ekseli, unayapunguzia mzigo matairi yale yale yanayovuta na kukata kona. Kwa mwendo wetu hutasikia chochote, ila usije ukalipa hela ukidhani umenunua mshiko.

Mafuta nilipima mwenyewe, tenki limejaa Mwanza, nikaenda Musoma na kurudi, nikajaza tena pampu ile ile. Tofauti ya kabla na baada ya spoila ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya safari yenye abiria watatu na safari ya peke yangu.

Kilichonitesa ni maji. Fundi wa kwanza alitoboa buti bila kuvua kava la ndani, akapaka silikoni ile inayonuka siki moja kwa moja kwenye bati alilotoka kulitoboa, akakaza bolti, tukaagana. Mvua za Novemba zikaja. Nikadhani harufu ni ya gunia la dagaa nililobeba kumpelekea mama mkwe, nikaosha buti mara mbili. Kumbe shimo la tairi la akiba lilikuwa bwawa. Kufungua spoila, matundu yote manne yamezungukwa na kutu. Silikoni ya namna hiyo ina asidi, inakula bati lililo wazi.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa bodi, alifanya kazi mchana kutwa. Alikwangua kutu, akapaka praima na rangi ndani ya kila tundu, akaacha zikauke. Chini ya miguu ya spoila akaweka mpira, akaziba kwa gundi ya kubandikia vioo vya mbele. Hata ule unga wa chuma alioukwangua aliufyonza wote, maana ukibaki kwenye rangi unaota vidoa vya kutu. Tangu hapo buti ni kavu. Wewe anzia hapo alipoishia yeye. Pima kutoka katikati ya buti kwenda pande zote mbili, bandika solotepu ya karatasi, toboa kwa ncha ndogo kwanza. Spoila ndogo ya kubandika kwa gundi ya pande mbili haihitaji tundu kabisa, na kwa Premio ningekushauri hiyo. Safisha kwa spiriti, bandika, usiioshe gari siku nzima.

Usichukue ya faiba nzito. Vyuma vinavyonyanyua buti vimepimiwa uzito wa buti tupu. Buti yangu ilinishukia kisogoni stendi ya Nyegezi, abiria wa basi wakacheka mpaka kondakta.

Kama unachotafuta kweli ni kutulia, angalia ubavuni mwa tairi zile namba nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa. Mimi niligundua natembelea matairi ya mtumba yenye miaka tisa. Nilibadilisha hayo na shokapu za nyuma, nikapiga alaimenti, na lori la mizigo likinipita sasa gari haiyumbi kama zamani. Spoila ilikuwepo siku zote hizo, haikusaidia kitu. Sijaitoa lakini, napenda nikiiona kwenye kioo.

Taa ya tatu ya breki kwenye Premio yako iko kwenye kioo cha nyuma au juu ya buti? Piga picha uiweke hapa kabla hujanunua, isije spoila ikaiziba.