Kabla ya Kuchapisha Mwaliko, Uliza Maji Yanapwa Saa Ngapi

Mara ya kwanza tulipoandaa sherehe ya mazingira hapa Lamu, tuliiweka Juni 5 saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo Siku ya Mazingira Duniani na wageni wa heshima walikuwa na nafasi saa hiyo. Miche ya mikoko ilikuwa tayari, fulana zimechapishwa. Tulipofika pa kupandia tukakuta maji yamejaa. Watoto wa shule walisimama ukingoni na miche mikononi, wakasikiliza hotuba, wakarudi nayo. Mzee mmoja mkata boriti, yaani nguzo za mikoko, aliyekuwa akipita na dau lake alitutazama, akauliza, "Wanangu, kwani hamkuhesabu mwezi?"

Hatukuhesabu. Na katika sisi tulioketi kupanga hapakuwa na hata mmoja ambaye kazi yake inamlazimu kuuhesabu.

Kwa hiyo ukiniomba ushauri, nitaanza na maji. Ukitaka watu wapande, subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na matope hukaa wazi muda wa kutosha hata kwa mwenye kwenda pole. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hizo maji huwa juu. Sherehe ikisogezwa siku tano haipungukiwi kitu. Tena Juni ni kusi, na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuvuka kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kwa upepo ule ili aje kupigiwa picha Amu mjini. Ni afadhali kila kijiji kifanye yake, na fedha za mafuta ya boti zigawanywe huko.

La pili, na hili linaniuma zaidi: waiteni wakata boriti mapema, kabla hamjaamua lolote. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na wao ndio wanaoijua mti kwa mti. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, walikaa bila kazi, na wengi wao bado wakisikia neno "mazingira" wanahisi wanashitakiwa. Usiwaalike waje wahubiriwe. Yule mzee tulimfuata nyumbani kwake, tukamwamkia, tukamwomba atuongoze. Alipoona mahali tulipopachagua alitikisa kichwa. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, alisema, ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko wenyewe, tuliokuwa nao sisi, unataka kukaa nyuma yake, penye matope mazito yaliyotulia. Kumbe hata kama maji yangekuwa yamepwa siku ile, miche yetu ingesombwa.

Jikoni nako tulikosea. Kina mama walipika pilau tangu alfajiri, wakaosha masufuria hadi alasiri, wala hakuna hata mmoja aliyegusa mche. Sasa tunanunua mahamri na mbaazi kwa wale wale wanaouza kila asubuhi. Wanalipwa, na kufikia saa mbili wamemaliza, wanakuja kupanda na wenzao. Shughuli yote inafungwa kabla ya adhuhuri. Ijumaa hatuigusi.

Kuna kijana wa hapa anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka ule wa kwanza tulimbeba mgongoni kushuka ngazi za gati, zimejaa utelezi, mbele ya umati uliokuwa ukipiga makofi. Jioni aliniambia, "Kaka, mlinibeba kama gunia, na hakuna aliyeniuliza." Sikuwa na jibu. Nilirudi kwake baada ya siku chache kumwomba radhi, nikamuuliza angependa kufanya nini. Akasema kitalu, kiwe huku juu penye njia ngumu, na meza iinuliwe magoti yake yapite chini.

Meza ikatengenezwa. Mifuko ya plastiki hatuitaki, kwa hiyo tunatumia vifuu vya nazi: unatoboa tundu chini, unajaza matope yaliyochanganywa na mchanga kidogo, unachomeka mbegu ya mkoko ncha iliyochongoka chini, theluthi yake tu iingie. Karibu naye hukaa bibi mmoja asiyeona, anayezichagua mbegu kwa vidole. Anaipapasa kuanzia juu hadi nchani, na akikuta kitundu cha mdudu au mahali palipolegea anaiweka kando. Sisi wenye macho tunapitisha mbovu nyingi kuliko yeye.

Daftari analishika yule kijana. Ameandika kila aliyechukua mche, kaupanda wapi na siku gani, na ambaye mche wake umekufa humwendea yeye kuomba mwingine.