Shangazi, kwaya niliyoilea amepewa kijana wangu

*Shangazi, shikamoo. Nimekuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwetu kwa miaka mingi. Mwaka huu baraza la wazee limempa nafasi hiyo kijana niliyemfundisha nota mimi mwenyewe. Nililisikia tangazo ibadani kama watu wengine, hakuna aliyeniita kwanza. Nilichukua kinanda changu, maana nilikinunua kwa fedha zangu, nikahamia kanisa jingine. Mke na watoto wamebaki kulekule. Nasikia kwaya inayumba, na nikisikia hivyo naona raha. Mke wangu anasema hiki ni kiburi. Mimi naona nalinda heshima yangu. Nani kati yetu ana haki?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Wazee walikukosea. Mtu aliyetumika miaka yote hiyo huitwa ofisini, akaambiwa uso kwa uso na kushukuriwa, ndipo litolewe tangazo. Hilo sitalipunguza hata kidogo.

Lakini mkeo ana haki, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe: unaona raha kwaya ikiyumba. Aliyeumizwa huona uchungu. Anayefurahi sifa za Mungu zikiharibika kwa kuwa yeye hayupo, huyo alishaanza kuiona madhabahu kuwa yake. Ndiyo maana kiburi cha kanisani kinanitia hofu kuliko kile cha mwenye gari na ghorofa. Kinaota kwenye kazi njema. Mfalme Uzia alimtafuta Mungu kweli, na Biblia inasema alisaidiwa kwa ajabu hata akawa na nguvu. Siku makuhani 80 na mkuu wao Azaria walipomzuia kufukiza uvumba hekaluni, kazi iliyokuwa ya makuhani tu, hakusema samahani. Alighadhibika, chetezo kikiwa mkononi, na ukoma ukamtokea katika paji la uso (2 Nyakati 26).

Ila ninayetaka ukae naye ni Barnaba. Sauli, ndiye Paulo, alipoogopwa na kila mtu Yerusalemu kwa kuwa alikuwa amewatesa waumini, Barnaba ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume. Baadaye akamfuata mpaka Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Safari yao ya kwanza ya kuhubiri inaanza kwa majina "Barnaba na Sauli". Sasa fungua Matendo 13, usome polepole. Kufika mstari wa 13 Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anamtaja Paulo, na Barnaba amekuwa miongoni mwa wenzake tu. Mwanafunzi amempita mwalimu mbele ya macho ya kanisa zima, na Barnaba hakupanda merikebu ya kurudi nyumbani. Aliendelea na safari.

Wala usidhani alikuwa mtu wa kunyamazia kila kitu. Katika sura ya 15 alishindana na Paulo vikali juu ya kumchukua Marko safarini, hata wakaachana. Kwa hiyo unyenyekevu sikuambii ni kuinamisha kichwa na kusema "mimi si kitu". Nenda kwa mchungaji, ukiwa peke yako kama Mathayo 18 inavyoagiza, umwambie jinsi tangazo lile lilivyokuumiza. Mwambie bila kuhesabu miaka yako wala nyimbo ulizotunga.

Kisha kirudishe kinanda. Ni chako, hakuna anayebisha, lakini ulikitoa kwa Bwana kabla hujakasirika. Nenda mazoezini, kaa na wenzako wa besi, umwache kijana aelekeze. Akikosea, usimsahihishe mbele ya watu. Akikuuliza baada ya mazoezi, mfundishe. Wiki za kwanza zitakuwa chungu na wengine watakutazama. Vumilia.

Kabla ya hayo yote, leo jioni watoto wakishalala, mwambie mkeo lile uliloniambia mimi kuhusu raha unayoiona. Yeye ndiye anayeamka Jumapili kuwapeleka watoto peke yake na kujibu maswali ya watu kuhusu ulipo. Muombe radhi, kisha muombe msali pamoja.

Shangazi yako