Maswali ya Wasomaji: Ufinyanzi wa nyumbani ukiwa na watoto wadogo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa akina mama wanaofinyanga vyetezo, vyungu vya maua na mitungi nyumbani huku wakilea. Tumechagua tano.

*Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwingine yuko darasa la pili. Nafinyanga vyetezo nyuma ya nyumba. Kazi yangu inakatika kila mara: nikienda kumnyonyesha mtoto, nikirudi udongo umekauka, na nikiunga bakuli la juu na mguu wake, vinaachana hata kabla ya kuchoma. Nifanyeje? – Mama wa wawili, Bagamoyo*

Mama, kinachoachanisha mguu na bakuli ni tofauti ya unyevu. Udongo ukikauka husinyaa. Ukichukua mguu uliofinyangwa sasa hivi ukauunga na bakuli lililokwishakauka, bakuli limemaliza kusinyaa na mguu ndio kwanza unaanza. Hapo ufa hauna budi kutokea palepale kwenye kiungo.

Dawa yake ni kugawa kazi kwa hatua, badala ya kumaliza chetezo kimoja baada ya kingine. Siku ya kwanza finyanga mabakuli tu, sita au manane. Siku ya pili finyanga miguu. Siku ya tatu unga. Kila hatua inagawanyika katika vipande vya dakika 20 au 30, yaani muda wa mtoto kulala usingizi wa mchana, na akiamka katikati hakuna kinachoharibika.

Ili vipande visubiriane, tafuta ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko. Tandaza kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa chini yake, weka kibao juu ya kitambaa, panga vipande juu ya kibao, kisha funika. Humo udongo unakaa na unyevu wake kwa wiki nzima na zaidi. Ukiona ukungu umeota usitupe, udongo haujaharibika. Ukilazimika kuondoka ghafla, viringishia mdomo wa chombo kitambaa kibichi na ufunike chote kwa mfuko wa nailoni. Mdomo ni mwembamba, ndio unaotangulia kukauka.

Wakati wa kuunga ni pale udongo umekaza kidogo: ukibonyeza kwa kidole hakizami, ila ukikwaruza kwa ukucha unaacha alama. Chora mistari ya kukatana kwa uma pande zote mbili, paka rojo la udongo uleule, gandamiza huku ukizungushazungusha mpaka rojo litokeze pembeni. Kisha zungushia kiungo kamba nyembamba ya udongo na uilainishe kwa kidole. Rudisha chetezo ndooni kwa siku moja ili unyevu ulingane, ndipo ukitoe na kukianika kivulini. Kukianika juani upande mmoja, au kukiweka penye upepo wa mlangoni, ni kuurudisha ufa uleule.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wateja wa vyungu vya maua wanataka vipimo. Tengeneza kibanzi cha udongo, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kikaushe na ukichome pamoja na vyombo vingine, kisha upime tena. Mstari ukiwa sentimita 9, udongo wako umesinyaa asilimia 10. Mteja anayetaka mdomo wa sentimita 18 mfinyangie wa sentimita 20.

*Nilichoma vyungu kwa makumbi na kuni. Vingine vililipuka mwanzoni kabisa, vingine vilitoka na ufa mrefu, na vilivyotoka vizima vimeanza kubanduka vigamba wiki mbili baadaye. Udongo wangu ni mbaya? – Muheza*

Hizo ni kasoro tatu zenye sababu tatu, na kila moja ina alama yake.

Chungu kinacholipuka dakika za mwanzo kilikuwa bado na maji ndani. Maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, ukuta unapasuka. Usiamini rangi. Kigusishe shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, bado kinatoa maji. Penye mizani ya jikoni, kipime leo na kesho. Uzito ukiendelea kupungua, kisubiri. Siku ya kuchoma, panga vyungu kuzunguka moto mdogo, uvigeuze kila baada ya muda, kwa saa mbili hivi, mpaka vishindwe kushikika kwa mkono mtupu. Ndipo vipangwe kwenye kuni.

Udongo laini mno nao hubana mvuke. Changanya sehemu moja ya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa kwa sehemu nne za udongo. Vyungu vyako vilivyovunjika vina kazi hapo.

Ufa mrefu wenye kingo kali mara nyingi ni wa kupoa haraka. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla karibu na nyuzi joto 573, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ukifukua chungu kingali chekundu, au upepo ukikipiga upande mmoja, sehemu moja husinyaa kabla ya nyingine. Funika tanuri la wazi kwa majani mabichi na vigae vikubwa, choma siku isiyo na upepo, na usiguse mpaka asubuhi inayofuata.

Vigamba vinavyobanduka baadaye ni chokaa. Tazama ndani ya kila kishimo: utaona kidoa cheupe. Ni punje ya jiwe la matumbawe au ganda la kombe. Moto uliigeuza chokaa, sasa inanyonya unyevu wa hewa, inavimba na kusukuma udongo nje. Huku ukanda wa pwani tatizo hili ni la kawaida sana. Dondoshea siki udongo mkavu. Ukitoa povu, chokaa ipo. Uloweke mpaka uwe uji, uuchuje kwa wavu wa mbu wa dirishani, uuache utuame, kisha umwage maji ya juu. Mchanga wa baharini usiutie kabisa, una makombe na chumvi. Tumia wa mtoni.

Kujua kama moto ulitosha, tumbukiza kigae kimoja kwenye maji usiku kucha. Kikirudi kuwa tope, moto ulikuwa mdogo. Kikibaki kigumu na ukikigonga kinalia, uko sawa.

*Mume wangu anaogopa vumbi la udongo litawadhuru watoto. Tena kuna mtu ananiuzia unga wa kung'arisha vikombe, hauna jina wala maelezo. – Likoni, Mombasa*

Dada, mumeo ana hoja, na kuhusu huo unga jibu ni moja: usinunue.

Udongo mbichi hauna neno, mtoto anaweza kuuchezea. Hatari iko kwenye vumbi. Udongo una silika, na chembe zake ndogo zikivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaponi. Kwa hiyo usifagie mahali pa kazi pakiwa pakavu. Piga deki kwa tambara bichi. Usipige msasa chombo kikavu, kilainishe kwa sifongo lenye maji kingali kinakauka. Kutwanga vigae kufanyike nje, watoto wakiwa mbali, umefunga barakoa, na unyunyize maji kwanza. Kuwa na kanga au aproni ya kazini tu, uivue kabla ya kumbeba mtoto. Wala usifinyangie chumba wanacholala.

Unga usio na jina unaweza kuwa na madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Vitu vichachu kama achari na juisi ya ukwaju huivuta kutoka kwenye kikombe hadi kinywani. Kwa vyombo vya chakula tumia unga ulioandikwa wazi kuwa hauna risasi na unaofaa kwa chakula, uchomwe kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti. Moto wa makumbi haudhibitiki kiasi hicho. Kama huna tanuri, baki na vyetezo, vyungu vya maua na mitungi ya maji. Hivyo vinauzika bila kung'arishwa, na mtungi unapoza maji kwa sababu hiyohiyo, unavuja jasho.

*Nauza bei ileile ya sokoni lakini mwisho wa mwezi sioni kitu. – Morogoro*

Huenda unagawa gharama kwa vyombo ulivyofinyanga, badala ya vilivyotoka vizima. Chukua mfano wa vyetezo 20. Udongo na mchanga shilingi 6,000, kuni na makumbi 10,000, maboksi na magazeti 4,000: jumla 20,000. Mikono yako saa 12 kwa shilingi 2,000 ni 24,000. Zote 44,000. Ukigawa kwa 20 unapata 2,200. Lakini moto umekurudishia 16, kwa hiyo kila kimoja kimekugharimu 2,750. Ukiuza 2,200 unapoteza 8,800 kila unapochoma, na hapo faida hujaiweka. Ongeza sehemu ya tano, iwe 3,300. Soko likikataa bei hiyo, shughulikia kwanza vile vinne vilivyovunjika kabla ya kukata malipo ya mikono yako.

Oda nazo zihesabu kutoka nyuma. Mteja akitaka vyetezo 40 vya harusi, finyanga 50. Kukausha kunataka siku 10 wakati wa kiangazi, 20 wakati wa masika. Ongeza wiki ya homa ya mtoto, kwa sababu itakuja. Chukua nusu ya malipo mwanzoni, na siku ya kuchoma iwe siku ambayo kuna mtu mzima mwingine nyumbani. Moto na mtoto anayetambaa havilindwi na mtu mmoja.

*Mizigo yangu ya basi inafika imevunjika, hata nikiandika "vunjika" kwenye boksi. – Tanga*

Andiko halizuii kitu. Jaza ndani ya chombo kwanza, magazeti yaliyokunjwa au majani makavu ya mgomba, kisha uzungushie nje unene wa vidole vitatu. Weka mdomo chini, mguu juu, na chombo kisiguse chombo. Funga boksi, ulitikise kwa nguvu kwa mikono miwili. Ukisikia chochote kikicheza, fungua uongeze majani.