Ukishapata baa nane tamu kwenye GarageBand

Anayeanza GarageBand, programu ya Apple ya kutengeneza muziki kwenye Mac, hakwami kwa kukosa lupu, yaani vipande vifupi vya muziki vilivyo tayari kurudiwarudiwa. Anakwama akishapata baa nane tamu (baa ni fungu la mapigo, hapa manne), akazirudia mpaka mwisho wa wimbo. Msikilizaji anachoka kabla dakika haijaisha. Wimbo wa lupu hupangwa kwa kuondoa vitu.

Kwanza weka tempo (kasi ya wimbo) na ki (noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake). Programu hufunguka kwenye mapigo 120 kwa dakika, ki ya C meja. Ukishusha hadi 100, baa moja ya mapigo manne inachukua sekunde 2.4. Bonyeza O kufungua ghala la lupu, ucheze wimbo, kisha ujaribu lupu moja moja juu yake. Kila moja itakuja ikiwa imeshafuata tempo na ki yako. Chuja pia kwa skeli, meja au maina. Gitaa la maina juu ya kinanda cha meja limewafanya wengi wadhani hawana sikio la muziki, na wanalo.

Angalia rangi. Lupu ya kijani ni noti, kwa hiyo unaweza kubadili ala au kufuta noti moja. Ya buluu ni sauti iliyorekodiwa: ya mapigo 80 ukiikimbiza hadi 128, itaanza kukwaruza.

Jaza baa nane zako: ngoma, besi, kinanda, gitaa, kayamba. Traki, yaani mistari ya ala, tano au sita zinatosha kabisa. Kurudia lupu, shika pembe ya juu kulia ya kipande, uvute. Ukishika ya chini unarefusha kipande chenyewe, na lupu ya kijani itakupa ukimya mtupu. Hapo ndipo utasikia mtu akilalamika ngoma zimekatika.

Sasa tandaza. Kwa tempo ya 100, mpango huu unatoa dakika 3 na sekunde 2: utangulizi baa 8, beti 16, kiitikio 8, beti 16, kiitikio 8, daraja 8, kiitikio 8, mwisho 4. Jumla ni baa 76. Nakili zile baa nane kila mahali, kisha anza kufuta. Utangulizi ubaki na kinanda na kayamba. Beti ya kwanza iwe ngoma, besi na kinanda; gitaa lisubiri kiitikio. Beti ya pili irudishiwe kayamba, isifanane na ya kwanza. Kwenye daraja, sehemu ya tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho, ondoa ngoma zote.

Mahali pa kutumia muda wako ni baa ya 24, ya mwisho kabla ya kiitikio. Zima ngoma na besi kwenye mapigo mawili ya mwisho, na kiitikio kitaingia kwa uzito ambao lupu ya ziada haikupi. Lakini marudio ya lupu ni kivuli cha kipande cha kwanza: ukihariri hicho, yote yanabadilika. Kwa hiyo baa nane za mwisho za beti ziweke kama nakala halisi, kwa kuvuta huku umeshika Option. Peleka alama ya kuchezea (mstari wima unaoonyesha wimbo umefika wapi) kwenye pigo la tatu la baa ya 24, chagua vipande vya ngoma na besi, bonyeza Command na T kuvikata hapo, ufute kilichobaki kulia.

Kabla ya kutoa wimbo kupitia menyu ya Share, bonyeza C kuzima mzunguko wa njano juu ya rula, ule unaocheza sehemu moja tena na tena. Ukiuacha umewaka, faili linaweza kutoka na zile baa ulizozizungushia tu.