Shirikisho na majimbo yasiyolingana

Kwa aliyeuliza iwapo shirikisho linaweza kudumu ilhali majimbo yake hayalingani kwa utajiri wala idadi ya watu: linaweza, mradi tofauti hizo zitambuliwe kisheria badala ya kufumbiwa macho. Kanada inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Katiba ya mwaka 1982 kinaweka msingi wa malipo ya kusawazisha, ili majimbo yenye uwezo mdogo wa kukusanya mapato yaweze kutoa huduma za umma zinazokaribiana na za wenzao bila kuwabebesha wananchi kodi nzito; fedha hizo hutoka katika hazina ya shirikisho, si katika hazina ya jimbo tajiri la Alberta, ingawa baadhi ya wanasiasa wa huko hupenda kulieleza jambo hilo vinginevyo. Jimbo la Quebec, kwa upande wake, hukusanya yenyewe kodi yake ya mapato na kuendesha mfuko wake wa pensheni. Uwakilishi nao una uzito: katika Bundesrat ya Ujerumani, yaani baraza linalowakilisha serikali za majimbo, kila jimbo lina kura 3 hadi 6, hivyo jimbo dogo la Bremen halimezwi na jimbo kubwa la Bavaria. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachogombanisha zaidi ni kanuni ya kugawana fedha.