Mifuko ya kubebea dramu kwa bei nafuu

Pole sana ndugu uliyeuliza namna ya kubeba dramu zisichubuke. Dramu za kwaya kutoka Mbagala hadi Kigamboni kwa bajaji, zimefungwa khanga tu, lazima zichubuke. Makasha magumu ni ghali. Mfuko wenye sponji nene unakutosha. Nunua turubai Kariakoo, umpe fundi anayeshona viti vya magari. Pima upana wa dramu pamoja na vyuma vinavyotokeza pembeni, maana snea (ile dramu ndogo yenye nyaya chini) ya inchi 14 haiingii mfuko wa inchi 14 kamili. Nyuma ya zipu ashonee ukanda wa kitambaa, meno yasikwangue rangi. Matoazi yapate mfuko wake, kitambaa kati ya moja na jingine. Ukingo wa toazi ukishapasuka, ufa huendelea. Stendi, yaani vyuma vya kusimamishia dramu na matoazi, usizichanganye na dramu kamwe! Masika, funika nailoni, ila ukifika fungua haraka, unyevu usibaki ndani. Kama mbao imeshapinda, muone fundi wa dramu kwanza.